Yaya, kitatange wa shemeji anakula matumbawe yangu

Yaya, jambo.

Mimi ni baba wa mapasa, tunakaa Bel-Air, Lubumbashi. Sebuleni kwetu kuna tangi la maji ya chumvi la lita 300, urefu wake sentimita 120, na huu ni mwaka wa tatu tangu nilianzishe. Chumvi nachanganya mwenyewe kwa maji ya mashine ya osmosi, joto nimeliweka nyuzi 25, na delestaji ikija, umeme ukikatwa, nina betri za kuendesha pampu.

Ndani kuna tumbawe la nyundo, kubwa kama kabichi mbili, lile ambalo ncha za minyiri yake zimekaa kama nyundo. Upande wa kulia kuna tumbawe gumu linaloitwa Galaxea. Kwenye mchanga kuna tumbawe la ubongo, jekundu lenye ukingo wa kijani. Kuna zoantidi, jamaa wadogo wa matumbawe, waliotandaa juu ya jiwe kama mkeka, na tumbawe moja la ngozi lenye umbo la uyoga. Samaki walikuwa watatu: jozi ya klauni na mdogo mmoja anayechimba mchanga. Waliishi kwa amani.

Majuma matano yaliyopita shemeji yangu, kaka wa mama mapasa, alirudi kutoka Dar es Salaam na kitatange mdogo ndani ya mfuko, kichwa na mgongo rangi ya chungwa, tumbo la buluu iliyokolea. Ilikuwa zawadi ya mapasa, wametimiza miaka minane. Siku ile ile wakampa jina: Machungwa.

Juma la kwanza hakukuwa na neno. Juma la pili tumbawe la ubongo likaanza kujikunja mchana kutwa. Usiku taa zikizimwa linafura vizuri kabisa. Zoantidi nao wakafunga. Nikaamua kumtoa. Jumapili nzima mikono yangu ilikuwa ndani ya maji, nikatoa mawe, nikayarudisha, wavu haukumpata. Siku chache baadaye tumbawe la nyundo likaanza kupoteza nyama upande wake wa kulia, kana kwamba samaki analipiza kisasi. Kila asubuhi nikiwasha taa nakuta mfupa mweupe umeongezeka. Sasa umefika upana wa vidole vitatu. Upande wa kushoto hauna kasoro.

Mama mapasa anasema ukimtoa samaki wa kaka yangu, umemtoa kaka yangu. Mapasa wanalia nikitaja wavu tu. Muuzaji mmoja wa vitu vya samaki amenishauri nitie dawa ya buluu tangini, ati itampunguzia samaki ukali na kuponya matumbawe. Chupa ninayo, imeandikwa kwamba ina shaba. Bado sijaitia. Chakula natoa mara moja kwa siku, saa moja jioni nikitoka kazini, ili nisichafue maji.

Yaya, nimtoe au nimwache? Na nikimtoa, nyumbani nitasema nini?

Baba Mapasa

* * *

Baba Mapasa, jambo sana.

Kabla ya yote, chupa hiyo ya buluu iondoe kabisa karibu na tangi. Iweke juu ya kabati ambako mapasa hawafiki. Shaba ndiyo iliyojenga mji wetu huu, lakini ndani ya tangi la matumbawe ni sumu. Dawa hiyo ina kazi yake halali: kutibu samaki wenye ugonjwa wa madoa meupe, katika tangi la pembeni lisilo na matumbawe wala kamba, kwa kipimo cha miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita. Kiasi hicho hicho kinachomponya samaki kinaua kamba, konokono na matumbawe. Na mawe ya chokaa huinyonya shaba, yakaja kuiachia baadaye. Ukali wa samaki haupunguzi hata kidogo.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya nyuma nami niliambiwa nitie vifuniko vichache tu. Asubuhi nikakuta kamba wangu wawili wasafishaji wamelala ubavu chini ya jiwe, miguu ikitikisika polepole, na sikuwa na la kuwafanyia. Mawe yale sikuyatumia tena kwa matumbawe.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikiisoma naona una kesi mbili, ingawa umemshtaki samaki mmoja kwa zote. Angalia saa ulizoandika mwenyewe. Tumbawe la ubongo linajikunja mchana na kufura usiku. Tumbawe la nyundo linaliwa usiku, wewe unakuta mfupa asubuhi. Watu wa pwani husema mtu amelala kama pono, kwa sababu pono akilala usiku hata mkono wa mvuvi haumwamshi haraka. Kitatange naye ni samaki wa mchana. Taa zikizimwa anaingia kwenye tundu la jiwe, anatulia mpaka kuche. Kwa hiyo mchana mwenye kesi ni Machungwa, lakini usiku yuko mwingine kazini.

Huyo mwingine namshuku Galaxea. Umesema yuko upande wa kulia, na nyama inapotea upande wa kulia tu. Umesema pia kwamba ulitoa mawe ukayarudisha, na kidonda kikaanza siku chache baadaye. Nadhani jiwe la Galaxea halikurudi pale lilipokuwa, lilisogea, pengine kwa upana wa kiganja tu. Kwa tumbawe hilo, upana wa kiganja ni jambo kubwa.

Usiniamini kwa maneno, kaangalie mwenyewe. Leo usiku subiri saa mbili baada ya taa kuzimika. Chukua tochi, uifunike kwa karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, maana mwanga mweupe utawafanya wajikunje kabla hujaona kitu. Pampu iache ikizunguka kama kawaida. Kisha piga magoti upande wa kulia wa tangi, macho yako yawe sawa na Galaxea. Katikati ya minyiri mifupi ya kila siku utaona nyuzi nyembamba zinazopitisha mwanga, ndefu kuliko tumbawe lenyewe, kila moja ina kitone cheupe nchani, zinapepea zikifuata mkondo. Kwa Galaxea zinaweza kupita sentimita 20. Kitone kile kimejaa vifuko vya kuchoma. Kikigusa nyama ya jirani kinaunguza, na usiku unaofuata kinarudi pale pale. Hiyo ndiyo sababu kidonda chako kinaongezeka kidogo kidogo kila asubuhi, kwenye ukingo mmoja.

Matumbawe yanapigania nafasi, na yalikuwa yakipigana baharini kabla mtu hajafikiria kuyaweka kwenye kioo. Mapema miaka ya 1970 mwanabiolojia Judith Lang, akifanya kazi Jamaica, alionyesha kwamba matumbawe yaliyokaribiana hutoa nyuzi za tumboni na kumyeyusha jirani akiwa hai, na kwamba kuna aina zinazoshinda karibu kila mara na nyingine zinazoshindwa. Galaxea ni miongoni mwa wenye kushinda. Tumbawe la nyundo nalo lina nyuzi zake ndefu, si mnyonge, lakini kwa jirani huyu limezidiwa.

Dawa yake ni nafasi. Hamisha Galaxea, wala usilisogeze tumbawe la nyundo, maana lililojeruhiwa halipendi kusumbuliwa. Acha sentimita 30 kati yao, na utazame mkondo unakwenda wapi kabla hujaliweka jiwe chini. Ukimweka Galaxea mwisho kabisa wa kulia, mkondo ukipeleka nyuzi zake kwenye kioo, atakuwa anachoma kioo usiku kucha bila kumdhuru mtu. Ukimweka mahali ambapo mkondo unatoka kwake kwenda kwa wengine, hata sentimita 30 zitakuwa chache. Jiwe lisimamishe imara. Konokono mmoja akilisukuma usiku, utarudi ulikotoka.

Mfupa mweupe ulioachwa wazi usitegemee ufunikwe na nyama upesi, mwani utaota juu yake na hiyo haina shida. Wewe tazama ukingo wa nyama iliyobaki. Ukiwa mnene na umeshika mfupa vizuri, tumbawe litapona. Ukiona ute wa kahawia kama jeli umekaa pale, unyonye kwa mpira mwembamba siku hiyo hiyo, usiuache uelee tangini, kwa maana unaambukiza matawi ya jirani.

Na lile la ngozi lenye umbo la uyoga, halichomi kwa mbali lakini linatoa kemikali majini, na matumbawe magumu hayazipendi. Weka mkaa wa kuchujia maji kwenye kichujio chako, ubadilishe kila mwezi. Basi.

Turudi kwa Machungwa. Kwa rangi ulizotaja, naona ni Centropyge acanthops, kitatange kibete wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hafiki hata sentimita 10 akiwa mzima. Kiswahili kinawaita vitatange samaki wa jamii mbili zinazofanana kwa umbo lakini hazifanani kwa chakula, na hapa ndipo watu wengi wanapoingia hasara. Kama shemeji angekuletea Chaetodon trifasciatus, ambaye naye sokoni ataitwa kitatange, nisingekupa hata siku moja ya kufikiri: yule chakula chake ni matumbawe hai, na kumweka kwako ni kumlisha tangi lako lote mpaka liishe, kisha afe njaa. Centropyge ni tofauti. Kutwa anadonoa mwani na utando unaoota juu ya mawe. Kuna mmoja atakaa miaka bila kugusa tumbawe, na ndugu yake wa aina ile ile atazoea kudonoa ute na nyama ya matumbawe manene, hasa tumbawe la ubongo na zoantidi. Huwezi kujua kwa kumtazama dukani. Ila njaa inamsukuma.

Na wewe, ndugu yangu, unamshindisha na njaa. Samaki anayedonoa tangu jua kuchomoza hadi kuzama, ukimpa chakula saa moja jioni tu, saa nyingine zote atajitafutia. Gawa chakula kile kile mara tatu: asubuhi kabla hujatoka, mchana mapasa wakirudi shule, na jioni. Kila mara kiwe kidogo, kiishe ndani ya dakika mbili. Juu ya hayo, bana kipande cha mwani mkavu wa bahari kwenye kioo kwa kibanio cha plastiki, ule usiotiwa mafuta wala viungo, ukubwa wa kiganja cha mtoto, akidonoe kutwa. Kamba wa baharini waliogandishwa, wasiotiwa chumvi, ukiwakatakata vipande vidogo kama punje za mchele, atawapenda. Kapenta, wale dagaa wa kulia bukari (ugali), usimpe. Wamekaushwa, na mara nyingi wamebeba chumvi na mchanga.

Naelewa hofu yako ya kuchafua maji, na ni hofu ya mtu anayejali. Ndiyo maana nasema pima naitreti, uchafu unaotokana na chakula na kinyesi cha samaki, kila juma katika kipindi hiki, na ubadilishe lita 30 za maji kila juma. Hiyo ni asilimia 10 ya tangi lako, inatosha.

Sasa jaribio. Tafuta kikapu kidogo cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea matunda, kiwe safi na kisiwahi kushika sabuni. Kifunike juu ya tumbawe la ubongo, ukikandamize kwenye mchanga kisielee. Mwanga na maji yatapita, samaki hatapita. Likianza kufura mchana chini ya kikapu ndani ya siku tatu nne, umepata ushahidi kwamba aliyekuwa akilisumbua ni samaki. Likibaki limejikunja hata chini ya kikapu, basi tatizo liko kwenye maji au mwanga, na Machungwa umemsingizia. Kikapu kikae juma zima, nyama ipone kwanza.

Ukikitoa, wape mapasa daftari. Nasema hivi kwa dhati kabisa, kwa sababu macho ya mtoto wa miaka minane yakipewa kazi hayachoki upesi. Wakae mbele ya tangi dakika kumi wakirudi shule, wametulia, maana samaki anayeona watu wanacheza karibu hafanyi mambo yake ya kawaida. Mmoja anatazama, mwingine anaandika. Samaki akidonoa jiwe, mstari upande wa kushoto. Akidonoa tumbawe, mstari upande wa kulia, na jina la tumbawe. Wafundishe tofauti: kupita na kudonoa mara moja kisha kwenda zake ni kuonja. Kurudi mahali pale pale mara tatu, nne, tumbawe likijikunja kila mara, huko ni kula. Wafanye hivyo majuma mawili, pamoja na chakula cha mara tatu. Mistari ya kulia ikipungua mpaka ikawa moja au mbili kwa siku na tumbawe linafura mchana, mwache Machungwa aishi pale, na chakula kiendelee hivyo hivyo maisha yake yote. Isipopungua, atoke. Usimpe juma la tatu kwa huruma, kwa sababu tumbawe la ubongo linalojikunja kila mchana halipati mwanga wake, nalo linakufa polepole bila kelele.

Wavu usiutumie tena. Tayari umeona ulikufikisha wapi. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kata shingo, igeuze iingie ndani kama mgono wa kuvulia, toboa matundu madogo ya kupitisha maji, weka jiwe dogo ndani isielee, na ule mwani uwe humo. Hakikisha mdomo unampitisha bila kumkwaruza. Siku tatu za kwanza mwache aingie na kutoka. Siku ya nne, taa zikiwa zimewaka na njaa ya asubuhi ipo, kaa karibu, na akiingia tu nyanyua chupa polepole. Inachukua subira lakini hakuna jiwe litakalosogezwa.

Ataenda wapi? Mtoni hapana, wala Ziwa Tanganyika. Samaki wa bahari kwenye maji yasiyo na chumvi atakufa mbele yako. Ningekuwa mimi, ningeandaa tangi la pili la lita 120 hivi, lenye mawe kutoka kwenye tangi kubwa ili maji yakomae haraka, bila tumbawe hata moja, na ningeliita la mapasa. Machungwa atadonoa humo apendavyo. Lianze kuandaliwa sasa, wakati wa majaribio, lisije likakukuta hujajiandaa. Kumbuka kulitia hita nzuri, maana asubuhi zetu za Juni na Julai unazijua. Kama mfuko hauruhusu, tafuta mwenzako mwenye tangi la samaki peke yao, apelekwe huko, na mapasa waende kumwona.

Kwa mama mapasa, usianze na samaki. Kaa naye usiku uleule wa tochi nyekundu, mwonyeshe nyuzi za Galaxea kwa macho yake. Aone kwamba lile jeraha kubwa uliloliona asubuhi, kaka yake na zawadi yake hawahusiki nalo, na umwambie waziwazi kwamba ulikosea kumbebesha Machungwa yote. Nadhani nusu ya ugomvi wenu itaishia hapo, kwa sababu anachotetea ni heshima ya kaka yake ndani ya nyumba yako. Ikifika hatua ya kumhamisha samaki, awe amekwisha kuliona daftari la watoto wake.

Shemeji mpigie simu wewe mwenyewe, asisikie kwa mwingine. Mshukuru kwanza. Kusafiri na samaki hai kutoka pwani mpaka Lubumbashi, akafika mzima, ni kazi ya upendo. Mweleze kwamba Machungwa anajengewa nyumba yake. Na mwombe kwamba siku nyingine kabla hajanunua akutumie picha, usiku au mchana. Mwambie pia asije akabeba matumbawe kwa moyo huo huo mzuri: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, nchi yetu ni mwanachama, na kuyavusha mpaka bila kibali kunaweza kumletea matatizo.

Anza na jiwe la Galaxea leo usiku, usisubiri Jumapili. Kisha niandikie baada ya majuma mawili, na unipigie picha ya daftari. Nataka kuona mistari ya mapasa kabla sijasoma maneno yako.

Yaya